Maandishi ya kibao cha daladala yana ukungu, nifanyeje?

SWALI: Kaka habari za Arusha. Mimi niko Moshi, Majengo, nachora gemu ndogo ya daladala inayotoka Moshi kwenda Himo. Natumia Krita, mchoro una pikseli 320 kwa 180. Gari limetoka vizuri, abiria wako poa, mlima kule nyuma uko poa, ila maandishi ndo yananitesa. Kibao cha mbele nimeandika MOSHI HIMO kwa tuli ya maandishi, pembeni ya herufi pamejaa vijivu kama mtu kafuta na kidole. Nikapandisha resolution mpaka 300, herufi zikawa kubwa nikazivuta kuzipunguza, zikazidi kuharibika. Nikapiga filta ya kunoa ndo kabisa. Ninunue programu gani? Na baadaye nataka kutoa stika ya hicho kibao.

JIBU: Kwema kabisa mdogo wangu. Kwanza hela yako itulize, usinunue kitu kwa ajili ya hili. Krita ni ya bure, GIMP ni ya bure, na kama utataka programu ya sanaa ya pikseli tupu, yaani michoro ya vidoti unavyoviweka kimoja kimoja, ipo LibreSprite nayo ya bure, imetokana na Aseprite ya zamani kabla leseni yake haijabadilishwa. Hizo zinatosha mpaka gemu yako iishe. Programu yako haina udhaifu, inakufanyia kazi ambayo hukuiomba, na ukishajua ni kazi gani mengine yatanyooka yenyewe.

Iko hivi. Fonti za kawaida, hizi TTF na OTF zilizojaa kwenye kompyuta, hazina pikseli ndani yake, zina mistari na mikunjo ya hesabu tu, umbo lisilo na saizi. Ukiandika M programu inachukua lile umbo inalilaza juu ya gridi ya pikseli, na mara nyingi ukingo wa herufi unaangukia katikati ya pikseli. Sasa hapo ama iamue moja kwa moja kwamba pikseli hii ni nyeusi au siyo, ama iipake rangi ya kati kulingana na eneo lililofunikwa, umbo likifunika robo inapewa robo ya weusi. Hiyo ya pili ndo antialiasing. Kwa herufi kubwa ni kitu kizuri sana, jicho linaona mkunjo laini, hata maandishi unayosoma sasa hivi kwenye simu yako yamepitia humo. Ila herufi yako ina urefu wa pikseli tano na mguu wake ni pikseli moja, mguu ukiangukia katikati ya pikseli mbili unapata vijivu viwili na hakuna mguu tena. Ndo huo ukungu unaouona.

Na ndo maana kunoa hakukusaidia, manake filta ya kunoa inaongeza tofauti kati ya pikseli na jirani zake, haiwezi kujua kijivu hiki kilitakiwa kiwe cheusi au kisiwepo kabisa, kwa hiyo vijivu vinabaki palepale na juu yake unapata kivuli cheupe kuzunguka herufi. Mimi msimamo wangu kwenye sanaa ya pikseli ni kwamba kijivu usikitibu, kizuie kisizaliwe.

Kabla hujagusa chochote hakikisha tatizo liko kwenye mchoro wenyewe na siyo kwenye unavyoutazama. Angalia kwa asilimia 100, 200, 400 au 800, usiangalie kwa 150 au 230 manake hapo pikseli moja ya mchoro haigawanyiki sawasawa kwenye pikseli za skrini na programu inaweza kukulainishia macho tu wakati faili ni safi. Alafu chukua tuli ya kunyonya rangi, gonga ukingoni mwa herufi sehemu tatu nne. Ukipata rangi mbili tu, ya herufi na ya kibao, mchoro wako hauna shida, nenda kwenye setingi za Krita upande wa Display ubadilishe Scaling Mode iwe Nearest Neighbour, yaani pikseli ikuzwe kama ilivyo bila kulainishwa. Ukipata rangi za katikati basi endelea kusoma.

Kuhusu ile 300. Hii inawachanganya watu wengi sana. Ile namba haikuongezei pikseli hata moja kama mchoro umebaki 320 kwa 180, inachofanya ni kuiambia programu kwamba inchi moja ina pikseli ngapi. Sasa saizi ya fonti kwa kawaida unaandika kwa pointi, na pointi moja ni inchi moja gawanya kwa 72. Kwa hiyo urefu wa pikseli ni pointi mara resolution gawanya 72. Ukiandika pointi 8 kwenye resolution ya 72 unapata pikseli 8 kamili, ukiandika pointi 8 hiyohiyo kwenye 300 unapata pikseli 33 na kachembe, na kwenye 96 unapata 10 na kitu, ambayo nayo haiko kamili. Ndo hivo zikawa kubwa, ukazivuta pembe kuzirudisha, na kule kuvuta ni kumwambia tena mashine ikisie pikseli upya. Rudisha resolution iwe 72 uachane nayo, kwa sanaa ya pikseli inakurahisishia maisha kwa sababu pointi na pikseli zinakuwa kitu kimoja.

Sasa maandishi ya kawaida ya gemu, yale ya menyu na mazungumzo, nashauri uyaandikie GIMP alafu uyalete Krita. Ukichukua tuli ya maandishi kwenye GIMP chini yake kuna kiboksi kimeandikwa Antialiasing, kina tiki, itoe. Saizi iweke kwa px. Hinting, yaani jinsi programu inavyosogeza herufi ikae kwenye gridi, jaribu None na jaribu Full uone ipi inakaa vizuri kwa fonti yako. Hapohapo herufi zinatoka kavu, pikseli ipo au haipo. Aseprite nayo ukiingiza maandishi ina kiboksi kama hicho, na Photoshop kwenye tuli ya maandishi unachagua None.

Lakini kutoa tiki peke yake hakutoshi, aisee hapa ndo wengi wanakwama. Ukichukua Arial ukaishusha mpaka pikseli 7 ukazima antialiasing, vijivu vitaisha ila herufi zitakuwa vilema, e imeziba, a haina tumbo, mguu mmoja mnene mwingine mwembamba, kwa sababu lile umbo halikuchorwa kwa ajili ya gridi ndogo hivo. Unataka fonti iliyochorwa kwa pikseli tangu mwanzo, na kila moja ina saizi yake ya kuzaliwa. Press Start 2P ni ya pikseli 8, kila herufi inakaa kwenye kiboksi cha 8 kwa 8. Silkscreen ya Jason Kottke nayo ni 8, ina herufi kubwa tupu. VT323 ni 16. Zote tatu zipo Google Fonts na leseni yake inakuruhusu kuziweka hata kwenye gemu ya kuuza. Tumia saizi ya kuzaliwa au mara mbili yake, mara tatu yake, basi. Press Start 2P ni 8, 16, 24, ukiweka 10 au 12 umeharibu mwenyewe, na hakuna setingi itakayokuokoa.

Kitu kingine ambacho kinatupata sisi tunaoandika Kiswahili kuliko wengine ni ule mkato wa ng'. Ukiandika sentensi kwenye simu au kwenye Word ukaikopi, mara nyingi ule mkato umeshageuzwa kuwa wa kupinda, na ule wa kupinda ni alama nyingine kabisa kwa kompyuta, fonti nyingi ndogo za pikseli hazina. Programu ikikosa alama kwenye fonti yako inaazima kwenye fonti nyingine kimyakimya, unajikuta neno zima la ng'ombe limetoka vizuri isipokuwa kale kamkato kana umbo la ajabu au kameisogeza mstari mzima juu. Ukiona hivo usihangaike na setingi, futa mkato, andika ule ulionyooka moja kwa moja ndani ya GIMP.

Kama unang'ang'ania kubaki Krita inawezekana pia. Andika neno lako jeusi, igeuze leya iwe leya ya kuchorea, weka leya nyeupe chini yake, ziunganishe, alafu piga filta ya Threshold, hiyo inalazimisha kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe, ukisogeza kile kipimo kushoto kulia unaona miguu ya herufi inanenepa na kukonda mpaka upate pa kuridhika. Baada ya hapo ondoa nyeupe kwa Color to Alpha. Kwa nini uweke nyeupe chini kwanza? Kwa sababu Threshold inaangalia mwanga wa rangi, na kwenye leya yenye uwazi ule ukungu unakuwa umejificha kwenye uwazi, nusu wazi nusu imeziba, rangi yenyewe ni nyeusi ileile. GIMP wao wana dawa ya hilo moja kwa moja, menyu ya Layer, Transparency, alafu Threshold Alpha, inalazimisha kila pikseli iliyo nusu wazi iwe wazi kabisa au izibe kabisa. Ni nzuri kwa kusafisha kazi ya zamani ila matokeo lazima uyapitie kwa mkono, kuna mahali itakula pikseli uliyokuwa unaihitaji.

Sasa turudi kwenye kibao chako, manake hapo nitakwambia kitu tofauti kidogo. Kwa herufi za pikseli tano usitumie tuli ya maandishi kabisa. Chora kwa mkono. Najua inasikika kama kazi ngumu lakini kibao chako kina herufi tano tu tofauti, M, O, S, H, I, unazichora kwa muda wa kunywa chai, na zitakuwa bora kuliko fonti yoyote utakayoipakua kwa sababu umezichora kwa ajili ya mahali pake.

Anza na M kwa sababu ndo inayotaka nafasi. Herufi nyingi zinakaa kwenye upana wa pikseli tatu, M haikai. Hesabu mwenyewe, miguu mitatu na nafasi mbili katikati ni tano, ukiibana kwenye tatu inakuwa boksi au inafanana na N au H. W ni hivohivo. Kwa Kiingereza unaweza kuficha hili, lakini Kiswahili chetu kina m kila mahali, mtu, mwana, mwalimu, mzigo, ndo maana zile fonti za upana mmoja wa pikseli tatu au nne zinatuumiza, neno kama mwamba linakuwa matofali. Ipe M tano zake uibanie I.

Ila I nayo usiibane mpaka iwe mguu mmoja. Angalia ukiandika HI na pikseli moja katikati, mguu wa kwanza wa H, nafasi, mguu wa pili wa H, nafasi, I. Jicho linaona fito tatu zilizopangwa sawa na ule mstari wa katikati ya H haulioni kwa mbali. Kwa hiyo I ivishe kofia na viatu, upana tatu, na hapo MOSHI inakuwa hivi:

#...#..#...##.#.#.###
##.##.#.#.#...#.#..#.
#.#.#.#.#..#..###..#.
#...#.#.#...#.#.#..#.
#...#..#..##..#.#.###

Hizo ni pikseli 21 kwenda kulia na 5 kushuka. HIMO ukiichora kwa herufi hizohizo inatoka 17. Sasa tazama inavyokaa vizuri, kibao ukikipa upana 25, MOSHI inabaki na pikseli mbili kila upande, HIMO chini yake inabaki na nne kila upande, zote zimekaa katikati kamili bila nusu pikseli. Kwenda chini weka mbili, mstari wa juu tano, nafasi moja, mstari wa chini tano, mbili, jumla 15. Ukiona nafasi moja kati ya mistari inabana ongeza moja, kibao kiwe 16, siyo mbaya. Ila upana jihadhari nao, kibao kikiwa 24 au 26 maneno hayo yote mawili yana upana witiri na hayawezi kukaa katikati, yatalalia upande, na kwenye kitu kidogo hivo pikseli moja inaonekana na kila mtu hata kama hajui kinachomsumbua ni nini.

Ona pia nilivyochora S, nimeikata pembe. Ukiichora S ya pembe zote zimejaa inakuwa sawasawa na tarakimu 5, huwezi kuzitofautisha. O nayo nimeikata pembe nne ili sifuri ndo iwe boksi zima. Hii utaihitaji siku ukifika kwenye plate namba, manake namba zetu zina T, tarakimu tatu na herufi tatu, S na 5 na B na 8 zinakutana hapo. B iache mgongo wake wa kushoto umenyooka na ukate pembe za kulia tu. Lakini kama gari lote mbele lina upana wa pikseli thelathini na kitu, plate namba kamili itakula karibu 29, mimi ningeweka vidoti vinavyoashiria namba tu na kuacha kibao kisomeke, abiria anatafuta kibao.

Brashi ya kuchorea iwe ya pikseli moja isiyo na ulaini, Krita kuna kundi la brashi za Pixel Art, na GIMP ni Pencil, usitumie Paintbrush, na kifutio cha GIMP kina tiki ya Hard edge iweke. Kuna watu wanakosea hapo, herufi wamechora safi, wanafuta na kifutio laini, ukungu unarudi kwa mlango wa nyuma.

Ubavuni mwa gari ambako maandishi yanapanda kidogo kufuata mwili wa gari, usizungushe. Kuzungusha kwa digrii tano kunavuruga kila mguu. Chukua neno lililonyooka, kila herufi ipandishe pikseli moja kuliko iliyotangulia, au kila herufi mbili, kutegemea mwinuko. Ngazi iangukie kwenye nafasi kati ya herufi, isikate herufi katikati, na macho yatasoma mteremko wenyewe. Na ukitumia tuli ya kubadilisha umbo kwa sababu yoyote ile kwenye Krita, chagua filta ya Nearest Neighbor kwanza.

Kuna wasanii wanaweka vijivu kwa makusudi, kimoja kimoja kwa mkono, kulainisha mkunjo wa herufi kubwa kama jina la gemu kwenye skrini ya kwanza. Hilo ni sahihi na linapendeza sana likifanywa na mtu anayejua, kwa sababu yeye kachagua kila pikseli na rangi imetoka kwenye paleti yake. Ila lifanye juu ya mandhari isiyobadilika tu, kwenye gari linalotembea mbele ya anga alafu mbele ya migomba ile rangi ya kati itaonekana kama uchafu.

Ukimaliza seivu PNG, kamwe usiseivu JPEG, JPEG inakata picha vipande vya 8 kwa 8 na kuvikadiria, herufi zako za pikseli tano ndo za kwanza kuumia. Kama gemu unaiunda kwa programu ya Godot weka Default Texture Filter iwe Nearest, kama ni Unity weka Point. Kukuza skrini kuwe kwa namba kamili, 320 kwa 180 mara nne ni 1280 kwa 720, mara sita ni 1920 kwa 1080. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768, ukilazimisha gemu ijae pale ni mara 4.27, maana yake pikseli nyingine zitakuwa na upana wa nne nyingine tano na M yako itakuwa na mguu mmoja mnene. Afadhali mara nne na ukingo mweusi kuzunguka, Godot ukiweka stretch scale mode iwe integer inakufanyia yenyewe.

Stika ni rahisi. Kibao cha 25 kwa 15 kikuze mara 40 kwa nearest neighbour, kwenye GIMP interpolation unachagua None, unapata 1000 kwa 600, hapo sasa ndo ile 300 ina kazi, kwa pikseli 300 kwa inchi stika inatoka kama sentimita 8 na nusu kwa 5. Ukuze wewe mwenyewe nyumbani usimwachie fundi wa kuprinti, manake akivuta kafaili kadogo kwenye programu yake kanaweza kulainishwa kote. Na ukimtumia kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa inakuwa JPEG na vijivu vyote vinarudi.